Mshale Ambao Falonne Hakuuona

Jumamosi iliyotangulia, mshale wa Falonne uliruka juu ya marobota ya nyasi, ukavuka ukuta wa nyuma, ukaenda kuchoma blanketi lililoanikwa uani kwa jirani. Mwenye blanketi, bibi ambaye mtaa mzima ulimwita Gogo, alikuja mwenyewe hadi langoni, mshale mkononi. Akasema kwa Kizulu cha taratibu kwamba safari nyingine hatapiga hodi, atapiga simu polisi. Hakupaza sauti, na ndiyo maana maneno yake yaliwakaa watu tumboni wiki nzima. Pale Bertrams, mtaa wa Joburg, nyuma ya ukumbi wa kanisa, wengi waliokuja kucheza upinde walikuwa na karatasi za ukimbizi ambazo hawakupenda zisomwe na askari.

Kwa hiyo leo Gaston alikuja na sharti. Gaston ni Mrundi. Kwao Gitega alifundisha michezo shuleni, hapa analinda jengo huko Sandton, na zile pinde chache ni zake. Alisimama kando ya mstari wa chokaa, mikono nyuma.

"Mama Gaëlle," alimwambia Falonne, "utapiga mishale mitatu. Yote iingie kwenye nyasi. Sisemi katikati, nyasi tu. Mmoja ukitoka nje, upinde anauchukua Alexis, na wewe utakuwa unakuja kututazama."

"Mimi sina haraka," Alexis, fundi cherehani, alisema kutoka kwenye benchi. "Ila uniachie ungali na joto la mikono yako, Mama Gaëlle. Baridi ya Joburg mwezi huu si ya mchezo."

Watu wakacheka. Falonne naye akacheka, maana kutocheka kungeonyesha woga.

Wiki nzima vidole vyake vilikuwa vya watu wengine. Mchana vilisuka rasta za wateja kule Bellevue, jioni vilishika kalamu kwenye masomo ya watu wazima, usiku vilimpapasa mwanawe Gaëlle mgongoni mpaka apitiwe na usingizi. Saa hii ya Jumamosi ndiyo pekee ambayo hakuna aliyemvuta sketi wala kumuuliza bei. Akishavuta kamba hadi shavuni, dunia ilimpisha kidogo. Kukaa benchini akiwatazama wenzake wakivuta, hapana, hilo asingeliweza.

Gaëlle alikuwa kwenye benchi hilo hilo, amepakatwa na Médiatrice, rafiki wa Falonne wa kwaya. Falonne alimpungia mkono, kisha akageuka.

Mshale wa kwanza. Alivuta, akalitazama duara jekundu la shabaha, midomo ikamchezacheza. Pu! Ukaingia chini kabisa, kushoto, lakini ndani ya nyasi. Médiatrice akapiga makofi.

Mshale wa pili ulilia sauti nyingine, sauti kavu ya mbao. Uligonga mguu wa meza iliyobeba marobota, ukaanguka vumbini. Alexis akasimama.

"Mguu wa meza si nyasi, Mwalimu."

"Wala haukupita ukuta," Gaston akasema. "Huo nausamehe, lakini mwingine sisamehi. Mama Gaëlle, uliuona ulivyoondoka? Ulianza kushuka wapi?"

Falonne akautafuta akilini. Alikumbuka kamba shavuni, alikumbuka duara, halafu mlio wa mbao. Katikati palikuwa giza. Akaurudia ule wa kwanza kichwani: mlio, halafu mshale tayari umesimama kwenye nyasi. Na ule wa blanketi? Watu wakishika vichwa, basi. Tangu aanze kuja hapa, hajapata kuuona mshale wake ukiruka.

"Sikuuona," alisema.

"Hukuuona vipi? Ulikuwa unatazama wapi?"

"Huyo anasali," Médiatrice akadakia. "Mtazame midomo, Mwalimu. Kama tuko ibadani."

"Eish," Alexis akasema. "Kumbe ni Mungu anayekosa shabaha."

Safari hii Falonne hakucheka. Ni kweli alisali, ili kutuliza pumzi: Baba, ushike mkono wangu, amina. Vidole viliachia kamba kwenye ile amina. Na tangu utoto kule kwao Uvira, mtoto aliyefumbua macho wakati wa maombi alifinywa sikio na mama. Wakati wa kulenga alijikaza akayaacha wazi, lakini amina ilipofika mwili uliikumbuka adabu yake. Kope zilishuka, na kidevu kikafuata.

"Nipe muda kidogo, Mwalimu."

Alivuta kamba bila kusali. Mara vyote vikaingia: blanketi, polisi, Alexis aliyesimama bado, Gaëlle akikohoa. Lile duara likampotea machoni. Akairudisha kamba polepole bila kuachia, jasho likimtoka katika baridi ile.

"Usiharakishe," Gaston alisema kwa sauti ya chini.

Falonne akafumba macho kwa kutaka. Akaomba yote, mkono, pumzi, na mtoto wake aliyekuwa benchini. Lakini hakuyafunga maombi. Aliyaacha wazi bila amina, jambo ambalo mama yake angeliita utovu wa heshima. Akafumbua macho, akavuta. Upande wa uwanja wa Ellis Park umati ulinguruma. Akausikia, akauacha upite. Neno amina lilimjia mpaka kwenye meno. Akalizuia hapo hapo. Vidole vikalegea.

Na akauona. Uliondoka ukiyumba, mkia ukicheza huku na huku, kisha ukanyooka. Ulikuwa juu, juu mno, ukiuelekea ukuta. Hakupepesa. Mshale ukainama taratibu, ukachoma robota la juu kwenye kona, pale nyasi zilipokuwa haba, ukaning'inia umeinama.

Ukatikisika. Ukakaa.

Midomo ya Falonne ikalimalizia neno lake, na kope zikashuka. Sasa hazikuwa na ubaya.

Gaston alitembea hadi kwenye marobota, akaugusa mshale kwa kidole kimoja.

"Nyasi," akasema.

"Nyasi kidogo sana, Mwalimu," Alexis akanung'unika.

"Nyasi ni nyasi. Kaa." Akamgeukia Falonne. "Huo je?"

"Huo nimeuona. Ulianza kwa kuyumba, halafu ukanyooka. Nililenga juu mno."

"Haya," Gaston alisema akiuchomoa mshale na kumrudishia. "Leo ndiyo tunaanza kujifunza. Rudi kwenye mstari."