Tani Zilizogeuka Hasi

Karatasi iliyotoka kwenye kompyuta ilidai kwamba treni za shaba zilikuwa zimebeba tani hasi elfu thelathini na mbili. Adija aliisoma mara mbili, kisha akampelekea Kasonde.

Mwaka ule wa 1984, chuoni Kasapa, wanafunzi tisa walikuwa wakishindania nafasi moja ya kwenda kusomea kompyuta Kinshasa. Programu zao zilipaswa kujumlisha mizigo ya madini, na mwalimu angezijaribu siku hiyo saa tisa alasiri kwa takwimu alizozificha. Kasonde alikuwa kinara wa darasa hadi alipohamia Adija, binti wa fundi cherehani wa Maniema. Tangu hapo, kila sifa aliyopewa binti huyo ilimkwama Kasonde kooni kama mwiba wa samaki.

Ugonjwa wa programu ya Adija, Kasonde aliujua mara moja. Adija alikuwa ameihifadhi jumla katika namba fupi, isiyoweza kuvuka 32,767. Ikivuka, hupinduka ikawa hasi. Dawa ilikuwa kubadilisha neno moja tu.

Lakini akamwambia Adija kwamba takwimu zimeandikwa vibaya, azikague upya.

Adija akashukuru, akaiinamia mistari mia nne ya takwimu. Kasonde alimtazama akisubiri utamu wa ushindi, lakini haukuja.

Saa nane Adija alisimama nyuma yake. Kosa alikuwa ameligundua mwenyewe, na sasa aliitazama skrini ya Kasonde.

"Yako pia iko na ule ugonjwa," akasema.

Kasonde akamjibu kwa ukavu kwamba jumla yake ni namba ndefu tangu juzi.

"Jumla, ndiyo. Lakini hapa unazidisha mabehewa na tani, na zote mbili ni fupi. Inapinduka mbele ya kufika kwenye jumla. Jaribu mabehewa mia tisa, kila moja tani makumi ine."

Akajaribu mia tisa mara arobaini. Hasi 29,536. Hakuwahi kuipima programu yake kwa namba kubwa. Aliiamini kama mtu anavyoamini kivuli chake.

"Asubuhi ulikuwa unajua?" Adija akauliza.

Angeweza kukana.

"Nilijua."

Adija alitazama saa. "Rekebisha basi," akasema. "Saa tisa bado."

Kasonde akarekebisha. Wivu haukuwa umemtoka, ila haukuwa tena wivu wa akili ya Adija, bali wa moyo wake.

Mwalimu alipoingia, aliuliza nani yuko tayari. Kasonde, ambaye siku zote mkono wake ulitangulia, alisogeza kiti chake pembeni ili Adija apate njia.