Uyoga wa Mpakani

Nyasani, bwana misitu, alifika Ekerenyo Jumatatu moja ya mwaka 1970 akiwa na kisu, bahasha na fomu ya magonjwa ya miti. Misonobari kumi na mmoja ya Onsongo ilikuwa imekauka ikiwa wima, na kila shina lilikuwa limeota uyoga mgumu kama kwato, mwekundu ukingoni, unaotoka jasho la manjano. Harufu yake ilikuwa ya kinywa cha mtu aliyekula nyama ya wizi akalala bila kusukutua. Nyasani aliukata akijizuia kutapika.

Onsongo aliipanda miti hiyo miaka mingi nyuma ndani ya shamba la chai la Bonareri, mjane wa ndugu yake, mwezi ule mjane alipokuwa ndani akiomboleza, haruhusiwi kukanyaga shamba. Alipotoka alikuta mpaka mpya. Sasa wapimaji wa ardhi walikuwa wanakuja Alhamisi pamoja na wazee wa kamati ya mipaka, na watakachoandika hakitafutika.

Uyoga hutambuliwa pia kwa rangi ya vumbi la mbegu zake. Nyasani aliuweka juu ya karatasi nyeupe mezani kwa Bonareri, akaenda kukagua miti mingine. Saa nane alipouinua, vumbi lilikuwa limechora shamba: kijito, kaburi la marehemu, na mpaka wa zamani, hatua ishirini ng'ambo ya misonobari, upande wa Onsongo. Akajaribu uyoga wa pili. Ramani ilikuwa ileile, safari hii na nyayo za Onsongo. Fomu ilitaka rangi tu, naye akaandika: kahawia.

"Ni hapo hasa, mwanangu," Bonareri alisema. "Uwaonyeshe."

Alhamisi aliwaonyesha. Lakini mkono mtupu haulambwi, na Bonareri alikuwa na chai ya rangi tu. Wazee wa kamati walitoka kwa Onsongo vidole vikiwa bado na mafuta ya kuku. Mwenyekiti, Mzee Abner, aliitazama ramani kwa makini.

"Hii ni kweli kabisa. Huo mpaka niliuweka mimi na baba yao," alisema. "Lakini uyoga si mwanakamati."

Akajifuta vidole kwa karatasi hiyo, akatia sahihi kwamba mpaka ni misonobari. Nyasani alihisi kinyaa zaidi kuliko alivyohisi mbele ya ule uyoga.

Onsongo, mtu wa kanisa, hakupenda uhasama.

"Shemeji, hii miti si imekufa? Wewe njoo tu uokote kuni. Sikukatazi."

Nyasani alingoja mjane amkatalie. Bonareri alishukuru, akajifunga leso kiunoni, akaenda kuokota kuni katika shamba lake mwenyewe.