Koma ya Mtu Aliye Hai

Mama alimchimbia ndugu yangu shimo kwa jembe la palizi, na ndugu yangu alikuwa hai, ameketi kwenye baraza ya duka la Abdirashid anakunywa chai ya maziwa. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba yetu ya Minjila, khanga ameikaza kiunoni, na kando yake kigingi cha mti mgumu alichokichonga mwenyewe vibaya vibaya. Alikuwa anachimba pale zilipo koma za baba na babu. Kwetu Wagiriama koma ni marehemu mwenyewe, na ni kile kigingi pia: ukishakisimika, aliyekufa amepata pa kukaa, anamwagiwa maji ya unga na kupewa habari za nyumbani. Bamkubwa alikuwa amekataa katakata. Alisema tangu azaliwe hajasikia mtu mwenye afya zake akisimikiwa koma, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

"Mama, Randu yuko dukani," nikamwambia.

"Aliye dukani simjui," akasema, akaendelea kuchimba.

Randu ana kithembe. Tangu utotoni shamba kwake ni thamba na sukari ni thukari. Shuleni walimcheka mpaka akawa mtu wa maneno machache. Mimi ni fundi cherehani, mdomo wangu Garsen nzima inaujua, na nilimtania kuliko wote. Mama peke yake hakumsahihisha hata siku moja. Masikio yake yalikwisha kuzoea kuligeuza neno likiwa bado njiani, akalisikia lilivyopaswa kuwa. Tena alimkaripia kwa adabu, maana Randu ni jina la babu yetu, baba mkwe wake. Jina kwetu si mali yako. Unamshikia aliyekutangulia, na kesho utamkabidhi mjukuu.

Kisha yakaja mafuriko ya mwaka elfu mbili ishirini na nne. Tulikuwa tumeshahamia penye mwinuko, tumejibanza chini ya maturubai, Josephine mke wa Randu aliposema anarudi mara moja kuchukua mbegu za mpunga. Maji yakamchukua. Tulipompata tulimtambua kwa dera nililomshonea mimi. Randu alimzika, akarudi kwenye turubai, akanyamaza. Alikula akilazimishwa. Mwishowe rafiki yake akamtafutia kazi ya ulinzi Nairobi, nasi tukamwacha aende, maana kumtazama kulitushinda.

Aliporudi mwaka uliofuata alikuwa amenawiri. Alicheka. Alinikuta kwenye cherehani akaniuliza kama bado nawapunja watu vitambaa, na mimi nikalia kwa furaha mbele ya wateja. Kule Nairobi alikutana na kundi dogo la watu wanaosoma Sayantolojia, dini iliyoanzia Marekani. Alituambia walimpa makopo mawili ayashike, yameunganishwa na mashine yenye sindano kama ya mizani, na mtu mmoja akaketi mbele yake akamwambia asimulie siku ile ya maji. Akisimulia, sindano inacheza. Akimaliza, anaanza tena, na tena, mpaka siku ile ikaacha kumlemea kifuani. Sitawasema vibaya watu wale. Walimsikiliza. Sisi tulimwambia avumilie, basi.

Jioni hiyo mama alipika sima na kambare. Tulipokaa kula alimuuliza taratibu kama amemsahau Josephine.

Randu alisema hajamsahau, ila amejua mambo. Mtu ana mwili, ana akili, na kuna mwenyewe, yule mwenye hivyo viwili. Huyo mwenyewe hafi. Ameishi maisha mengi kabla ya haya, hana kabila wala ukoo, na akijijua sawasawa hakuna kitakachomuumiza tena. Josephine naye yuko hivyo hivyo, ameshaendelea na safari yake. Alizungumza kwa utulivu, macho yanang'aa, na mimi nilimwonea wivu.

"Mimi thi huu mwili, mama," akasema. "Wala thi hili jina. Mimi ni thetani."

Mkono wa mama ulibaki hewani na tonge lake.

Neno lenyewe ndivyo linavyotamkwa, hata na wasio na kithembe. Ndivyo wale wenzake wanavyomwita huyo mwenyewe. Lakini mama masikio yake alikuwa ameyafunza kwa miaka yote ile, nayo yakafanya kazi yao. Randu aliona uso wake akajaribu kurekebisha. "Thi thetani, mama," akasema. "Thetani." Nilicheka mpaka nikapaliwa na sima. Randu naye akacheka. Mama aliosha mikono, akaingia ndani.

Neno halikukaa nyumbani. Abdirashid alimwita dukani akamketisha juu ya gunia la mchele, mbele ya watu waliokuja kununua majani ya chai. "Warya, hii neno wacha kabisa," akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kisomali. "Mtu iko na nafsi. Hiyo kama ngamia, lazima unafunga. Roho ni ya Mungu, wewe hapana ingia kwa hiyo maneno." Mchungaji wetu, niliyekuwa namshonea mapazia ya kanisa, aliniambia ndugu yangu ameshika njia kinyume, kwamba mtu hutakiwa afe kwa nafsi yake ili Kristo aishi ndani yake, sio kuipandisha juu. Nilimsikiliza huku napiga upindo. Mmoja anasema uifunge, mwingine anasema uiue, mama anasema si yako, ya babu yako, na Randu anasema ndiyo pekee iliyopo na haina mama. Walikuwa wakizungumza juu ya mtu mmoja aliyefiwa na mkewe. Nilichoka nao wote.

Nilijaribu kumweleza mama. Nilimwambia neno ni jingine kabisa, si lile alilosikia.

"Maana yake nini hilo jingine?" akauliza.

Nikasema ni roho. Roho isiyo na jina wala ukoo, iliyoingia katika mwili wa mtu na inaweza kutoka ikaingia mwingine.

Mama alinitazama kwa huruma. "Basi si ndilo hilo hilo, Jumwa?" akasema. "Na mwanangu wamempeleka wapi?"

Nimelizungusha swali hilo kichwani mpaka leo.

Ndipo mama alipoanza kuota. Randu alimjia akiwa mdogo, nguo zimelowa, anauliza akae wapi. Kwetu ndoto ya namna hiyo haipuuzwi: ni maiti anayeomba koma yake. Mama alivumilia siku chache, kisha akachukua jembe.

Randu aliporudi kutoka dukani alikuta udongo bado mbichi. Alikitazama kigingi, akanitazama mimi, akatabasamu. "Ni kijiti tu," akasema, na kweli haikumuuma. Lakini tangu siku hiyo mama hakumwita tena kwa jina. Alimwita mgeni. Alimtandikia mkeka mzuri, akampa sahani isiyo na ufa, akamuuliza kama amelala vizuri, kwa heshima ile anayopewa mpita njia. Nadhani sahani ile ndiyo iliyomwondoa. Wiki haikuisha akarudi Nairobi, na simu zake zikawa za nadra.

Mwaka huu mama amelala kitandani. Miguu imevimba, pumzi haimtoshi, na hospitali ya Hola wametuambia tumrudishe nyumbani tukae naye. Wapo wanaosema kichwa kimemtoka. Si kweli. Ananijua, anamjua kila mbuzi wake, na juzi alinigombeza kwa upindo uliopinda.

Nilimpigia Randu simu akaja. Sikumtambua alipoingia uani. Amekonda, macho yamemwingia ndani, na kabla hajaweka mfuko wake chini aliniuliza kaburi la Josephine limetunzwa na nani. Kisha akalia, kilio kile ambacho tulikingoja wakati ule chini ya turubai. Hakuniambia kama masomo aliyaacha au yalimwishia, na sikumuuliza. Alisema jambo moja tu, kwamba anataka mama amwite.

Aliingia chumbani akapiga magoti kando ya kitanda.

"Thikamoo, mama. Ni mimi. Randu."

Mama alimgeukia akamtazama vizuri, bila haraka, akatabasamu.

"Marahaba," akasema. "Hata mwanangu alikuwa na kithembe."

Randu alinitazama mimi. Nikasema, "Mama, huyu ndiye mwanao." Mama akanipapasa mkono kama mtu anayembembeleza mtoto. Akamwambia Randu kwamba mwanawe yuko nje, nyuma ya nyumba, pamoja na baba yake na babu yake, na kwamba yeye hawezi tena kutoka, na mimi binti yake nina mambo mengi, nasahau. Jua kali. Kama mgeni hatachoka, ampelekee maji.

Randu mwenyewe ndiye aliyetuambia kwamba yeye si Randu, na mama alimsadiki kuliko mtu yeyote aliyemsadiki kule Nairobi.

Randu aliinuka. Alichukua kata pale juu ya mtungi, akateka maji, akatia unga kidogo akakoroga kwa kidole, kama tulivyofundishwa. Nilimfuata mpaka mlangoni. Kigingi kimeinama upande mmoja na mchwa wamekipanda. Alichuchumaa mbele yake, akamimina maji mpaka tone la mwisho. Udongo ukanywa.

Akarudi chumbani na kata tupu.

"Amekunywa," akasema.

Mama alishusha pumzi. "Ahsante, mgeni," akasema. "Mungu akurudishe salama kwa mama yako." Kisha akafumba macho apumzike, na Randu akaenda kuifunika kata juu ya mtungi.