Sufuria ya Peke Yake

Hivi, umewahi kuona fundi cherehani akijipunguzia suruali yake mwenyewe kimyakimya? Mimi niliiona ya mume wangu nikiipiga pasi. Kiuno kimeingizwa mara mbili, na uzi wa mara ya pili bado mpya. Miezi miwili nimemlisha ili apate afya, kumbe mwenzangu anakwisha.

Ilianza daktari alipomwambia apunguze chumvi kwa sababu ya presha. Choo nacho kilikuwa kigumu, si unajua kazi ya kukaa kitini. Binti yetu anafanya kazi kwenye ghala la kukaushia mwani, akatuletea mfuko wa mwani wa kahawia. Akanieleza taratibu: una nyuzinyuzi za kulainisha tumbo, una madini joto ambayo tezi ya shingoni inayahitaji, na ladha yake inampunguzia mtu hamu ya chumvi.

"Loweka, suuza maji mawili, katakata. Kijiko cha chai, Mama, mara mbili kwa wiki."

Nikamtengea mzee sufuria yake ndogo. Nilimwandalia mezani peke yake, chakula kimefunikwa vizuri, mimi na wajukuu tukala jikoni ili harufu ya chakula chetu isimtamanishe. Anakula kidogo, anashukuru, anarudi kwenye cherehani. Nikadhani mwani haujamkolea, nikaongeza. Kijiko kikawa vitatu, mara mbili zikawa kila siku.

Baada ya kuiona ile suruali nikamwita binti. Akafunua sufuria, akanitazama.

"Mama, hapa umempikia Baba au umempikia kasa?"

"Si ulisema una faida?"

"Faida unayo, ila madini joto yake ni mengi. Ukizidisha, tezi ileile inavurugika. Kesho akapimwe damu."

Usiku ule sikulala vizuri, nakwambia kweli.

Majibu yakatoka: tezi salama, presha imeshuka kidogo. Daktari akasema mwani si adui, turudi kwenye kile kijiko. "Lakini mzee amepungua kwa sababu hali chakula. Mzee, kwa nini huli?"

Mume wangu akamkazia macho kifuani. "Daktari, kifungo chako cha pili kinaning'inia. Kitadondoka leo."

Tukarudi nyumbani na swali letu. Nikavuta kigoda karibu na cherehani.

"Mwani unakuchukiza?"

"Mwani hauna kosa. Na tumbo limekuwa jepesi, sikufichi."

"Basi ni upishi wangu?"

"Upishi wako una nini, bibie?"

"Baba watoto, nimekupikia tangu sina mvi hata moja. Leo nimekuwa mgeni wa kufichwa?"

Akajaribu kutunga uzi kwenye sindano, ukamkwepa mara tatu. Nikamtungia. Akaishika ile sindano bila kushona.

"Ukiniwekea peke yangu pale mezani, najiona nimelazwa wodini. Nawasikia mnacheka jikoni, nafunika sahani. Ningesemaje, na wewe unahangaika kwa ajili yangu?"

Kanyagio la cherehani lilikuwa limetulia chini ya mguu wake.

"Sasa unataka nini? Sema, nisikie kwa mdomo wako."

"Nataka tule wote," akasema. "Sufuria moja, chumvi kidogo kwa wote, na huo mwani wako humohumo."