Mtani Aliyeingia Kimya

Tangu Kibwana azikwe, mkewe Mwaija hakutia kitu kinywani. Alikaa mkekani amejifunika kanga gubigubi; uji uliletwa ukiwa moto, ukaondolewa umepoa. Maziwa yakamkauka. Mtoto wake mchanga alilia mpaka sauti ikawa nyembamba kama ya paka aliyefungiwa ghalani.

Efrazia aliingia msibani asubuhi akijua fika kilichomleta. Alikuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, akisomea ustawi wa jamii, na mwaka ule wa Operesheni Vijiji, serikali ilipokuwa ikihamishia watu vijijini, aliletwa Kwamsisi kwa mazoezi. Mama huyu asipokula, mtoto atakufa. Zahanati iko mbali, na maziwa ya kopo hayapatikani hata Segera. Basi akafanya kama alivyofundishwa: akavua viatu, akaketi pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, mama. Nipo hapa kukusikiliza."

Mwaija hakugeuka. Jua likapanda, na bado hakugeuka.

Bibi Hajira, mama wa marehemu, akamkazia macho mgeni. "Wewe binti kabila gani?"

"Mtanzania, bibi."

"Hata mbuzi wangu Mtanzania. Baba yako katoka wapi?"

Efrazia alisita. Chuoni waliambiwa mtu mwenye elimu hatangulizi kabila. "Alitoka Tabora. Alikuja na manamba kukata mkonge, huko Korogwe."

"Mnyamwezi!" Bibi Hajira akapiga makofi. "Jamani, mtani yumo ndani tangu asubuhi, nasi tumemtandikia mkeka kama mgeni wa heshima! Kumbe ndiyo maana msiba huu hautuliki!"

"Huyo katumwa atuue kwa upole," akadakia Mashavu, jirani.

"Inuka, mtani," Bibi Hajira akamwamuru. "Fanya kazi yako."

 Kazi hiyo Efrazia aliwahi kumwona baba yake akiifanya kwenye misiba ya Wazigua kama hawa, watani wa Wanyamwezi: analala njiani jeneza lisipite, anamsimanga marehemu hadi wafiwa washike mbavu. Efrazia, mtoto wakati huo, aliona haya akajificha. Sasa amkejeli maiti mbele ya mjane aliyevunjika? Akikosea, atazikisha wengine wawili. Mtoto akalia tena, kilio kifupi, kikakatikia katikati.

Kilio hicho ndicho kilichomwinua.

Aliangua ungo ukutani, akaubandika kichwani, akaanza kutembea kwa matege, shingo ameikaza. Kila mtu alimtambua mwenye mwendo huo. Siku ya kuhamia kijijini, Efrazia naye akitazama, Kibwana alikataa mlango wake usipande lori la serikali. Aliubeba kichwani kutoka shamba la zamani, akifoka njia nzima.

"Hodi huko ahera!" Efrazia alinguruma. "Malaika, sogeeni! Ati niutue mlango? Niutue muuvunje kama wale wa lori? Haya, nyumba yangu iko mstari wa ngapi? Au na nyie hamjapimiwa viwanja?"

Chumba kikalipuka. Bibi Hajira alicheka huku machozi yakimchuruzika. "Ndiye! Wallahi ndiye mwanangu!"

Kanga ikatikisika. Efrazia akaganda, ungo kichwani, asijue kama ameponya au ameua. Chini ya kanga ilitoka sauti, kwanza kama kikohozi, kisha kilio kirefu ambacho mkekani hapo hakikuwa kimesikika bado. Kikapinda kikawa kicheko, kikarudi kuwa kilio. Mwaija akafunua uso.

"Mnyamwezi mwongo wewe," alisema, sauti ikikwaruza. "Mume wangu hakuwa na matege. Matege ya baba yako hayo, ya kubeba mkonge kwenye mashamba ya Wagiriki."

Akaketi wima, akanyoosha mkono.

"Leteni huo uji. Huyu nitamjibu nikishiba."

Alikunywa, akalalamika hauna chumvi, akanywa tena. Akapewa mtoto. Mtoto akavuta, akaachia, akavuta tena, mara koo lake dogo likaanza kumeza.

Efrazia alilitazama koo lile likipanda na kushuka, mwili ukimsisimka kutoka utosini hadi nyayoni. Alikuwa amemtukania mwanamke mume wake, na matusi yale yalikuwa yamempitia yakatokea upande wa pili yakiwa maziwa. Hakuna darasa lililowahi kumwonyesha kitu kikubwa namna hii.

"Arobaini uje," akasema Mwaija bila kuinua macho kutoka kwa mwanawe. "Uje na huyo baba yako, nimtukane uso kwa uso."