Mama, Usipokee

Mashine ya faksi ya zahanati ile ilijua kuchagua siku ya kufa. Mwaka mzima ilikuwa ikitafuna karatasi na kutapika nusu ukurasa, na mtu akiipiga kofi ubavuni inaendelea na kazi. Leo karani wa mapokezi aliipiga makofi, akaipiga ngumi, akaibembeleza kwa maneno matamu, wapi! Taa yake haikuwaka hata kidogo.

Na leo ndiyo siku mdogo wake alikuwa amelala wodini, anaisha. Alijifungua alfajiri, mtoto akalia vizuri, kisha damu ikaanza kumtoka na kugoma kukata. Daktari aliizuia kwa shida, lakini iliyomwagika ilibidi irudishwe, na damu ya mgonjwa huyu ilikuwa na ukorofi wake: haikupatana na chupa yoyote iliyokuwa kwenye friji. Sampuli za ndugu zikakimbizwa kwa pikipiki hadi maabara kuu. Pikipiki ingerudi jioni, na jioni daktari hakutaka hata kuitaja.

“Si mnisomee tu kwenye simu?” karani aliwasihi watu wa maabara.

“Dada, majibu ya damu hatuyasomi kwenye simu. Herufi moja ikisikika vibaya, ni msiba. Tunatuma kwa faksi, ila mashine yenu haipokei.”

Akaitwa fundi wa mashine za ofisi. Aliifungua faksi, akachungulia, akaifunga.

“Hii tuizike tu, dada. Lakini kompyuta yako ina modemu. Nikiuchomeka waya wa simu huku nyuma, kompyuta yenyewe itaipokea faksi na kuihifadhi kama faili. Utaisoma hapo kwenye skrini.”

“Basi fanya! Unangoja nini?”

Programu ya faksi ilikuwa na maswali mengi kuliko wakwe. Ilitaka jina la zahanati, ikataka namba ya simu, ikauliza hati ziwekwe folda gani, ikauliza ipokee yenyewe au isubiri kuamriwa.

“Ipokee yenyewe!” karani aliiambia skrini.

“Baada ya milio mingapi?” fundi aliuliza. “Nitaweka miwili, modemu ipate kuamka.”

Karani akawapigia maabara: tumeni. Simu ikalia mara moja, ikanyamaza. Skrini haikuonyesha kitu. Ikalia tena mara moja, ikanyamaza. Fundi akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Akapunguza kasi ya modemu. Ikalia, ikanyamaza. Jasho likaanza kumtiririka.

“Kuna kitu kinaikata, dada. Sikielewi.”

Nesi akatoka wodini, uso umemshuka, akauacha mlango wazi nyuma yake. “Daktari anauliza kama bado.”

“Bado,” karani alisema. Alilaza kichwa mezani. Alianza kuwaza nani aambiwe kwanza, na kichanga kile kitanyonyeshwa na nani, akajichukia kwa kuwaza hivyo mdogo wake akiwa bado anapumua. Simu ikalia, ikanyamaza. Ndipo kupitia mlango ulioachwa wazi akaisikia sauti ya mama yao.

“Haloo? Haloo! Semeni basi! Mnanipigia miluzi tu, na mwanangu anakufa hapa!”

Karani aliinuka. Simu ya pili ilikuwa wodini, kwenye meza ya nesi, laini moja na hii. Na asubuhi, kwa mdomo wake mwenyewe, alimkalisha mama pale na kumwagiza: simu ikilia tu, inyakue, isilie mara mbili. Mama alikuwa anatii.

Akakimbia. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaiweka chini.

“Mama, usipokee tena.”

“Nisipokee? Na wakiwa wao?”

“Ndio wao, mama. Hiyo miluzi ndiyo majibu, yanaongea na kompyuta.”

Mama aliitazama mikono yake. “Kumbe mimi ndiye ninayemuua.”

“Hapana, mama, ni mimi niliyekwambia…”

Simu ikalia. Mkono wa mama uliruka wenyewe. Karani akaudaka, akaubana kwa mikono yake miwili, na mama akafumba macho. Ikalia mara ya pili. Ikanyamaza.

“Inaingia!” fundi alipiga kelele toka mapokezi. “Msiguse kitu, inaingia!”

Daktari aliinama mbele ya skrini bila hata kuvua glavu. Ukurasa ulikuwa umepinda kidogo, lakini ulisomeka. Karani: haifai. Kaka yao: haifai. Mama: inafaa.

Aligeuka. Mama alikuwa amewafuata, amesimama mlangoni, kamwili kadogo kama ka mtoto wa shule.

“Mama,” daktari alisema polepole, “kwa umri wako, na hiyo presha yako, mimi naogopa.”

“Presha yangu imelala kitanda kile,” mama alisema, akiupandisha mkono wa gauni hadi begani. “Toa.”