Gari Lisilomwona Baba

Kazi yangu ni kugongesha watu. Usishtuke, ni watu wa kwenye kompyuta. Tumetengeneza mji wa bandia wenye taa, makutano na magari yanayojiendesha, halafu tunawatia humo watembea kwa miguu tuliowapiga video, tuone kama gari litawatambua. Likimwona mtu, humzungushia kiboksi cha kijani na kufunga breki. Lisipomwona, basi tena.

Baba alikuwa mmoja wao. Ushonaji ulikuwa umempinda mgongo hadi kichwa kikawa kinamtangulia. Siku ya kupigwa video alifika uani kwa ofisi amevaa koti lake la harusi.

"Baba, tembea kama kawaida tu."

"Sinema gani hii isiyo na mchumba?"

Wenzangu wakavunjika mbavu.

Niliporudi kazini kutoka kumzika, toleo jipya la programu lilikuwa tayari. Nikalijaribu. Watoto, wajawazito, jamaa aliyebeba godoro: wote kijani. Akaja baba. Kiboksi hakikutokea. Gari likampitia katikati bila hata kupunguza mwendo.

Mkuu wetu, tuliyemwita Breki kwa kuwa hakuwa nazo, akavuta kiti.

"Pole sana, ndugu yangu. Sasa, huyo mzee mmoja anatuangushia matokeo, na wateja wanakuja leo. Mtoe."

"Huyo ni baba yangu."

"Najua. Ndiyo maana nasema mtoe. Unajitesea nini?"

Hapo aliniweza, maana alisema kwa huruma ya kweli.

"Nikimtoa, bosi, kila aliyepinda mgongo anatoka naye. Na magari haya yatakutana nao barabarani."

Akakuna kidevu. "Haya, mpaka wateja wafike. Ikishindikana, namtoa mwenyewe."

Programu ilikuwa inatafuta kichwa juu ya mabega. Cha baba kilikuwa mbele ya kifua. Nikaifundisha kwa picha za wengine waliopinda, nikarudia jaribio. Gari likampitia. Nikarekebisha. Likampitia tena. Hospitalini baba alikufa mara moja tu, tena usingizini, mimi nikiwa nimetoka kumtafutia chai. Ofisini nilikaa kiti cha mbele kabisa, nikamtazama akienda, na akienda, na akienda. Nikajitania kwamba angalau safari hii nimewahi. Sikucheka.

Wateja walikuwa wanapanda ngazi kiboksi kilipotokea, chembamba, kikitetemeka, kisha kikamkumbatia mzima mzima. Gari likasimama. Baba akavuka taratibu, kama mtu mwenye barabara yake. Alipofika ng'ambo akaigeukia kamera, midomo ikacheza. Video zetu hazina sauti, na alichosema siku ile sikikumbuki.

"Vipi, amepita?" Breki akauliza kutoka mlangoni.

"Amepita."

"Safi! Funga basi, wageni hao."

Nikasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta.

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Bado anaongea."